Asubuhi kwa Wafu, Mchana kwa Walio Hai



Jumapili moja ya mwezi wa nane, ibada ilipomalizika, dada mmoja kijana alitufuata mpaka mlangoni. Alikuwa na neno moyoni. Tarehe 1 ya mwezi huo, siku ya wazazi, yeye na wadogo zake walikwenda kusafisha kaburi la mama yao. Walifyeka majani, wakapaka msalaba chokaa, wakaomba. Kisha wakakaa chini ya mti, wakafungua chakula walichobeba, na mdogo wao wa kiume akaanza kuiga namna mama alivyokuwa akibishana bei na wauza samaki sokoni. Wakacheka wote mpaka machozi yakawatoka. Hapo mzee mmoja aliyekuwa akipita akawakemea: "Ninyi watoto wa Kanisa, hamuoni haya? Hapa ni mahali pa kulia." Dada akatuuliza: "Baba, je, tulikosa?"

Tulimjibu maneno machache kwa kuwa watu walikuwa wanatungoja. Lakini tulimwahidi kujibu vizuri katika kurasa hizi, maana si yeye peke yake mwenye swali hilo. Wengi kati yetu tunaliogopa. Upande mmoja tunasikia sauti inayosema kwamba kila karamu ya wafu ni upagani. Upande mwingine tunasikia ukoo ukisema kwamba asiyewafanyia wafu karamu hana mizizi. Mkristo anabaki katikati, mkono mmoja umeshika Biblia, mkono mwingine umeshika sahani.

Katika nchi yetu tarehe 1 ya mwezi wa nane ina sura mbili, na kila mtu anazijua. Asubuhi watu wanabeba majembe, panga na bidoni za maji, wanaelekea makaburini. Kule Katanga ni kiangazi, majani yamekauka, vumbi jekundu linawafuata watu njia nzima. Kila jamaa wanatafuta kaburi lao, na wengine hawalioni tena, kwa kuwa mwaka mmoja unatosha majani kufunika jina. Mchana, watu wale wale wananawa vumbi, wanavaa nguo nzuri na kuwafanyia karamu wazazi walio hai. Kuku anachinjwa, mama anapewa kikwembe, baba anapewa kiti cha mbele. Sisi tunaipenda siku hii. Sikukuu nyingine za taifa zina hotuba. Hii ina majembe.

Tuanze na kicheko, maana ndicho kilichomkasirisha mzee. Biblia haisemi popote ya kuwa anayempenda marehemu ni yule tu mwenye uso wa huzuni. Bwana wetu alilia kwenye kaburi la Lazaro (Yoane 11:35), ingawa alijua ya kuwa baada ya muda mfupi atamwita atoke. Machozi yake hayakuwa ukosefu wa imani. Basi ikiwa mwenye imani timilifu aliweza kulia, mwenye upendo naye anaweza kucheka.

Tena wazee wetu walijua jambo hili kabla hatujasoma. Katika makabila yetu mengi, wajukuu na watani wana ruhusa yao katika kilio. Mjukuu anavaa koti la babu, anatembea akichechemea kama yeye, anadai deni la tumbako ambalo babu hakulipa. Watu wanalia na kucheka kwa pumzi moja. Mgeni akiona, anadhani ni utovu wa adabu. Lakini fikirini: ili kumwiga mtu ni lazima uwe umemwangalia vizuri, siku nyingi, kwa macho ya kupenda. Yule kijana aliyeiga sauti ya mama yake mbele ya wauza samaki alikuwa ameitunza sauti ile masikioni mwake. Kaburi lilikuwa na udongo tu. Yeye alikuwa na mama. Kwa hiyo tunamwambia dada yetu wazi: hamkukosa. Na mzee yule, kama anasoma maneno haya, asitukasirikie. Yeye alitetea heshima, na heshima ni kitu chema.

Tungeweza kuweka kalamu chini hapa. Lakini swali la dada limetufungulia swali lingine lililo zito zaidi: katika karamu hizi, ni nani hasa anayeheshimiwa?

Tusifikiri ni sisi waafrika tu tunaokula na wafu wetu. Huko Meksiko, tarehe 1 na 2 za mwezi wa kumi na moja, watu wanatengeneza meza nyumbani na kuipamba kwa maua ya rangi ya machungwa, mishumaa, mkate wa pekee na mafuvu ya sukari. Wanaweka picha ya marehemu, na mbele ya picha wanaweka chakula alichokipenda yeye, si chakula cha wafu wote. Aliyependa kahawa anapewa kahawa, aliyependa pilipili anapewa pilipili. Siku ya kwanza mara nyingi ni ya watoto waliokufa, nao wanawekewa hata vitu vya kuchezea. Sisi hatuamini kwamba marehemu anakuja kula. Hata hivyo tunaona jambo la kujifunza: jamaa ile inajua inamkumbuka nani. Haiwezi kuandaa meza bila kujiuliza, "Huyu alikuwa mtu wa namna gani?"

Sasa sikilizeni yaliyotokea huko huko. Mwaka 2015 filamu moja ya James Bond ilionyesha maandamano makubwa ya siku hiyo katika mji mkuu wa Meksiko, yenye masanamu ya mifupa na ngoma. Maandamano ya namna ile hayakuwako. Waliyabuni watengeneza filamu. Mwaka uliofuata, 2016, mji ukayaanzisha kweli, na wageni wakaja kuyatazama. Hatumlaumu mtu, watu wanahitaji kazi na mji unahitaji wageni. Lakini maandamano yale hayamlilii mtu ye yote. Ni mifupa isiyo na jina. Meza ya nyumbani na maandamano ya barabarani vinaitwa kwa jina moja, na havifanani.

Kwa ndugu zetu wa nyanda za juu za Madagaska kuna desturi nyingine inayoitwa famadihana. Baada ya miaka kadhaa, mara nyingi mitano au saba, jamaa wanafungua kaburi la ukoo wakati wa kiangazi, wanatoa mabaki ya wazazi wao, wanayavika sanda mpya, wanayabeba mabegani na kucheza kwa muziki, kisha wanayarudisha. Wanawaeleza wafu habari za nyumbani: nani ameoa, nani amezaliwa. Sisi hatufanyi hivyo, na Neno la Mungu linatukataza kuwauliza wafu (Kumbukumbu 18:11). Lakini mtu asicheke haraka. Jamaa ile inaweka akiba kwa miaka mingi ili iifanye siku moja, na mara nyingi kaburi la mawe ni imara kuliko nyumba ya udongo wanamolala watoto. Wamalagasi wenyewe wanabishana juu ya jambo hili. Je, sisi tunabishana juu ya yetu?

Tuseme basi ya kwetu, na hapa tutajishitaki wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulialikwa kuondoa matanga ya fundi cherehani mmoja, baba wa watoto wanne, mtu wa sala. Mwaka ulikuwa umetimia tangu azikwe. Lupango lilipambwa vizuri sana. Kulikuwa na hema mbili, viti vya kukodi, fanfari, ng'ombe mmoja na mbuzi, na jamaa wote walivaa kikwembe cha aina moja. Pombe haikuwako hata chupa moja, na jambo hilo lilitufurahisha. Tulikunywa vinywaji vitamu, tukaimba nyimbo za Mungu.

Tangu saa nne za asubuhi mpaka jua kuzama tulisikia majina mengi. Msemaji alisoma orodha ya waliochanga: fulani, dola 50, fulani, dola 20, fulani na mke wake, mfuko wa mchele. Kila jina lilipigiwa makofi. Jina letu nalo lilisomwa, na, tuseme ukweli, tulifurahi kulisikia. Ni usiku tu, tukiwa njiani kurudi nyumbani, ndipo mmoja wetu alipouliza: "Jina la marehemu, mmelisikia?" Tukatafuta katika mawazo yetu. Hapana. Kutwa nzima alikuwa akiitwa "marehemu" tu. Hakuna aliyesema kwamba alishona sare za shule za watoto wa avenue nzima na kungojea malipo mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna aliyesema kwamba aliimba vibaya, hata waimbaji wa kwaya walimwomba kwa upole akae nyuma. Tulimfanyia karamu mtu ambaye hakuwamo.

Na hilo ndilo lililo dogo. Tulipokwenda nyuma ya nyumba kumuaga mjane, tulimkuta anaosha sahani. Mtoto wake wa kiume wa mwaka wa pili wa sekondari alikuwa anamsaidia. Tulipomwuliza habari za masomo, alinyamaza. Mama yake ndiye aliyesema kwamba walimrudisha nyumbani kwa kukosa feza za shule. Tukauliza juu ya cherehani ya baba. Mama akatazama chini. Usiku ule wa mazishi, ndugu wa marehemu, baba mdogo wa watoto, aliichukua "ili aiweke salama". Tangu siku ile inashona nyumbani kwake.

Baba mdogo huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza katika orodha ya waliochanga. Makofi yake yalikuwa makubwa kuliko ya wote. Nasi tulipiga.

Wapendwa, tumefikiri sana juu ya makofi yale. Sisi wa makanisa yaliyozaliwa katika udongo wa Afrika tumezoea kusema: tumeacha pombe, tumeacha ngoma za usiku, tumeacha dawa za waganga, basi matanga yetu ni safi. Ni kweli ya kuwa mambo hayo yaliharibu vilio vingi, na aliyeyaacha amefanya vema. Lakini siku ile hakukuwa na pombe. Hakukuwa na mganga. Kulikuwa na zaburi na vinywaji vitamu, na yatima alikuwa ameibiwa.

Bwana wetu alisema maneno makali juu ya watu wanaojenga makaburi ya manabii na kupamba maziara ya wenye haki (Matayo 23:29). Hakuwakemea kwa sababu kupamba kaburi ni kosa. Aliwakemea kwa sababu pambo lilikuwa limefunika kitu. Mahali pengine aliwasema wale waliowanyima baba na mama msaada, wakidai kwamba mali yao imekwisha kuwa korbani, sadaka ya Mungu (Marko 7:11). Mtu anaweza kujificha nyuma ya sadaka. Kama anaweza kujificha nyuma ya sadaka ya Mungu, atashindwa kujificha nyuma ya ng'ombe wa matanga?

Hapa kijana mmoja msomi alitupinga kwa neno ambalo hatuwezi kuliruka. Alisema: "Muhubiri anatufundisha kwamba wafu hawajui neno lo lote. Basi hakuna kumheshimu wala kumkosea mfu. Karamu ni ya walio hai, nao waifanye wanavyotaka." Neno lake lina nguvu. Lakini sisi tunamjibu hivi. Jirani yako anasafiri mbali, mahali pasipofika barua wala simu. Kabla ya kupanda gari anakuambia, "Uniangalie watoto," nawe unasema, "Ndiyo, ndugu." Gari likishapotea machoni, je, ile "ndiyo" yako imekufa kwa sababu yeye hawezi tena kukuona? Deni halifi kwa sababu mwenye kudai hayupo. Pengine linazidi kuwa zito, kwa sababu hawezi kukuja mlangoni kulidai.

Yosefu aliwaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake itatoka Misri (Mwanzo 50:25). Alikufa. Walioapa nao wakafa. Karne zikapita, na usiku ule wa kutoka, watu wakiwa mbioni, wengine wamebeba unga ambao haujachachuka, Musa aliichukua mifupa ya Yosefu (Kutoka 13:19). Musa hakuwa ameapa yeye mwenyewe. Yosefu hakuwa akitazama. Hakuna fanfari iliyopigwa. Neno lililotolewa lilishikwa, basi.

Na sisi tuna ya kwetu karibu. Simon Kimbangu alihukumiwa kufa mwaka 1921. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Alikaa gerezani miaka 30, akafa humo tarehe 12 ya mwezi wa kumi 1951, akazikwa mbali kabisa na kijiji chake. Mwaka 1960, miezi michache kabla ya uhuru, mabaki yake yalirudishwa Nkamba. Leo makutano makubwa yanamkumbuka kila tarehe 12 ya mwezi wa kumi, kwa nyimbo na fanfari, na ni vizuri. Lakini angalieni mambo yalivyofuatana: kwanza mtu alirudishwa kwao.

Kwa hiyo tunauliza juu ya kila marehemu: yeye mwenyewe aliomba nini? Sisi tumekaa karibu na vitanda vya wengi waliokuwa wakiondoka. Hatujasikia hata mmoja akiomba kikwembe cha aina moja. Wanaomba mtoto asiache shule. Wanaomba mama asifukuzwe. Wanaomba fulani asamehewe deni, au fulani mwingine alipwe. Mara nyingine wanataja kitu kidogo sana, kuku wa jirani, ufunguo wa watu.

Mzee wa ukoo tuliyemweleza mawazo haya alitikisa kichwa. Alituambia: "Ninyi watu wa vitabu mtatuachia mazishi ya upweke. Bila matanga, watoto wangemjulia wapi shangazi yao wa Likasi? Nani angempatanisha kaka na dada ambao hawajasemezana miaka sita? Mtu maskini ana jambo moja tu la kutumaini: kwamba akifa watu watakuja." Mzee anasema kweli, na hatuna jibu la kumnyamazisha wala hatulitafuti. Tumeona mchango wa kilio ukinunua jeneza mahali ambapo hakukuwa na hata mkeka. Tumeona maadui wakishikana mikono juu ya sahani moja ya bukari. Asitokee mtu akasema gazeti limekataza matanga. Lakini ukoo ulioweza kukusanya watu 200 na ng'ombe siku ile ungeweza pia kukaa saa moja, kabla ya fanfari, na kuuliza mbele ya wote: kitu gani cha marehemu kiko kwa nani?

Tena serikali nayo imesema. Sheria ya jamaa ya nchi yetu ina tarehe ambayo wengi hawaijui: ilitolewa tarehe 1 ya mwezi wa nane 1987, siku ile ile ya wazazi, na ikarekebishwa mwaka 2016. Inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba walimoishi. Hakuna mahali inaposema kwamba cherehani ni ya ndugu aliyefika wa kwanza usiku wa mazishi. Tunaandika haya kwa sababu akina mama wengi wanaambiwa, "Hiyo ni desturi," nao wanakubali, wakidhani desturi na sheria ni kitu kimoja. Mama mwenye shida hiyo asione haya kuja kutuona, au kwenda komini kuuliza.

Kwa dada yetu aliyeuliza: mwaka ujao nendeni tena, na chakula chenu mkibebe. Mdogo wako aigize tena mambo ya samaki. Na mchana, mkitoka kule, mpitieni yule mama mzee ambaye mama yenu alikuwa akimpa unga kila mwisho wa mwezi. Umetuambia wewe mwenyewe kwamba tangu kifo hamjafika kwake.

Na kwa ajili yetu sisi tuliopiga makofi: tumekwenda kwa baba mdogo mara mbili. Mara ya kwanza alitupokea vizuri, akatupatia viti, akasema atafikiri. Mara ya pili watoto walituambia kwamba hayupo, na ndani tulisikia cherehani ikishona. Kijana alirudi shule muhula wa pili, kwa feza zilizochangwa na watu watano ambao wamekataa orodha yao isomwe. Jumamosi hii tutakwenda mara ya tatu. Anayetaka kutusindikiza tutakutana mbele ya kanisa saa tisa, na tutamtaja fundi kwa jina lake tangu mlangoni.